Vipimo vya Sirma

Mabega, kumi na saba. Kifua, thelathini na nne.
Kiuno sikukiandika, kilikuwa cha mtoto.
Nilimpima Bondeni, kibarazani pa fundi viatu,
tepi shingoni, pini mdomoni,
merikebu zikipaa kutoka shimo la Menengai
na kuitikisa meza hata uzi ukakatika.
"Nishonee koti la rubani. Nitalipa nikirudi."
Miaka kumi na tisa, soksi zisizofanana.

Akarudi na Mirihi.
Nasema akarudi nayo kama mtu arudivyo na sukari:
haya, hii hapa, nyota ya kwanza,
ishone upande wa moyo.
Nikashona. Hakulipa.

Kisha miezi ya Mshtarii, mmoja mmoja,
kama mtu anayechuma mapera ya jirani.
Kivumbini walimwaga maji barabarani
vumbi lisimguse mtoto waliyemlea vumbini.
Heroe waliruka ziwani kwa ngurumo yake,
wiki nzima wasionekane,
na hakuna aliyeuliza walikokwenda.

Mabega, kumi na saba. Bado.
"Andika ishirini," akasema.
Nikaandika ishirini, nikashindilia pamba
kati ya kijana na koti lake.

Nyota ya tisa ililetwa na mjumbe
pamoja na furushi la makoti ya walioshindwa,
nichague vitambaa vizuri, nitie bitana.
Katika mfuko mmoja nikakuta tepi.
Kipande cha chaki, kimelika upande.
Karatasi yenye mwandiko nisioujua,
ila hesabu ni hesabu:
mabega ya mtu mdogo, kifua, urefu wa mkono.
Wangeci, mwanagenzi wangu, alizima taa mapema.
Sikumuuliza. Na ile bitana
niliishona, Mungu ananiona, niliishona.

Zohali ina pete, naye kidole anacho.
Merikebu mia nne ziliingia katika yale mawe ya barafu.
Redio ikaanza kuhesabu zilizotoka.
Haikuchukua muda.
Wiki ile niliuza kitambaa cheusi
kuliko mwaka mzima, kwa mkopo,
kwa wanawake waliokuwa wamemwaga maji barabarani.

Alikuja usiku, kwa miguu, akitokea njia ya Lanet,
viatu mkononi.
"Zifumue."
Nikachukua wembe. Nyota kumi na moja
zikaanguka mezani, nyepesi, kama maganda ya njugu.
Lakini jua za huko zilikuwa zimelipausha koti,
na kila nyota ilipotoka
palibaki nyota nyingine, ya buluu mbichi,
iliyong'aa kuliko ile niliyoibandua.
Akaitazama kwa muda.
"Litie rangi."
"Rangi haitashika sawa, mwanangu. Zitaonekana tu."

Nikatoa pamba. Ilijaa karai.
Nikampima tena, kwa mazoea, au sijui kwa nini.
Kumi na saba.
Nikaandika chini ya deni lake:
makoti matatu, nyota kumi na moja,
kufumua, bure.

Alitoka na shati, kabla ya adhana.
Barabara ilikuwa kavu.

Koti bado liko hapa, hakuna aliyekuja kulikomboa.
Wangeci hulifunika juu ya cherehani jioni
kwa sababu ya vumbi.