Maji ya Sabili

Karatasi yasema: birika nambari kumi na saba,
Mtaa wa Wafua Shaba, Mumbai,
lifungwe kabla ya Jumatatu.
Sababu: halitoi maji.
Nimekuja na spana, nusu mfuko wa saruji,
na msaidizi wangu Dattaram, anatafuna karanga.

Nani angeliona? Biashara imelimeza.
Ubavuni zimening'inia soksi, majalada ya simu,
mwavuli mmoja usiofunguka.
Kuba la mawe limevaa masizi ya malori,
na juu yake kunguru, mpangaji asiyelipa kodi.
"Manispaa!" asema muuza soksi, akivuta meza yake.
"Leo ndiyo mmekumbuka?"

Nasugua bamba kwa kiganja, herufi zinatoka moja moja:
Hansraj Velji, mfanyabiashara wa pamba,
kwa ajili ya Monghi, binti yake wa miaka tisa.
Anywe kila apitaye.
Kila apitaye. Hakuuliza tabaka wala dini;
chini, hata ng'ombe walichongewa hori lao.

Nainama kutafuta koki kuu.
Kutu tupu, kutu ya kabla sijazaliwa.
Lakini bakuli lina maji,
baridi, yamefunikwa sahani ya bati,
na kopo la shaba limefungwa kwa mnyororo wa baiskeli.

"Ya Sundrabai," asema wa soksi, sauti imeshuka.
"Ghorofa ya nne, pale penye sari ya kijani.
Ndoo mbili kila alfajiri. Ngazi ya tatu imevunjika, anairuka,
na magoti yale!"
Kwa nini?
"Kamuulize. Mie miaka sita nilidhani bomba linafanya kazi."

Mvuta mkokoteni anasimama, marobota yamempita kimo,
teksi nyuma yake zinapiga honi kama zimefiwa.
Anajimiminia kinywani kutoka juu, kopo haligusi mdomo,
tone la mwisho anawamwagia shomoro horini.
Hatutazami. Ana haraka.

Nageuka: Dattaram amechota humo humo
maji ya kukorogea saruji.
Wa soksi anatukana ukoo wetu wote, hadi wakwe.
Sina la kujibu.

Basi kidogo naziba mdomo wa bomba.
Inayobaki, namwambia kijana, ibebe,
ipandishe jengo lile kabla haijakauka,
ngazi ya tatu.

Kwenye fomu naandika: Bomba limefungwa.
Si uongo.
Penye "Maelezo mengine" naacha wazi,
mkono wangu bado unachuruzika.