Msumeno wa Kaka

Mwaka wa kwanza nilikata kwa hasira.
Kaka yangu Shigezo tulimzika mwezi wa kumi,
tufaha zake zingali mtini, hazijashika rangi,
nami nimetoka Kawasaki, miaka ishirini na sita
ya kukaza skrubu kwenye pampu za maji,
nikadhani mti nao ni kitu cha kufungua na kufunga.

Nilikata vilele vyote, usawa mmoja,
mitufaha arobaini,
kama vijana wa jeshi siku ya kunyolewa.
Nikashuka ngazini nimeridhika.

Joto lilipokuja likanijibu:
kila kidonda kikatoa fimbo,
fimbo kumi, kumi na tano, zimesimama wima,
majani tele, ua hata moja.
Mti uliotishwa hauzai; hukimbilia juu.

Kosei wa shamba la jirani, miaka ishirini na mitatu,
mtafuna chingamu hata msibani,
alisimama kando ya uzio akatazama sana.
“Shangazi,” akasema, “umeichokoza.”
Basi. Akarudi mwezi wa pili
na jozi mbili za viatu vya theluji.

Kwanza, alisema, mkasi mfukoni. Zunguka.
Theluji ya Tsugaru hufika kifuani,
ikishaganda unatembea juu yake, mabegani mwa miti,
na matawi yanakukodolea macho.
Tazama lipi limekufa. Lipi linaumwa.
Lipi linamkwaruza mwenzake upepo ukivuma.
Hayo hayana kesi.
Kazi ni yale mawili mazima, mazuri yote,
yanayogombea jua moja.

Mbona sasa, niliuliza,
baridi hii isiyomwacha mtu akunje vidole?
Mti umelala, akasema,
akiba yake imeshuka mizizini;
ukikata leo huukati mfuko, unakata shati tu.
Na pia (akafunga chingamu kwenye karatasi)
mwezi wa sita hatuna nafasi.

Tawi nene halikatwi mara moja.
Mkato mdogo chini, theluthi ya unene.
Wa pili juu, mbele kidogo: linaanguka lenyewe
bila kuchuna gome hadi shinani.
Kisha kigutu. Hapo ndipo taratibu.
Pale tawi linapochomoza pana mkunjo
uliovimba kama kola ya koti la mtoto.
Kola hiyo usiiguse:
ndimo mti unamotoa ngozi ya kufunikia kidonda.
Ukiacha kigutu kirefu, kitaoza.
Ukizama mno, umeingia mwilini.
Kati ya hapo na hapo ni upana wa kidole cha mwisho,
nami niliukosa mara nne mchana ule.

Jioni mikono ilikuwa imepata moto.
Nikaenda mlangoni, kwenye ajisai ya mama,
vijiti vikavu, vya kijivu, havina maana.
Kosei akapiga kelele kutoka barabarani:
Huyo usimguse!
Huyo hubeba maua ya mwaka huu
kwenye vijiti vya mwaka jana.
Ukimkata sasa utakula majani.
Mngoje achanue, aanze kusinyaa, mwezi wa saba,
ndipo umwendee.

Nikarudisha mkasi mfukoni.
Siku arobaini na tisa za kaka zilikuwa hazijatimia
nilipogawa makoti yake,
na daftari lake la shamba, mti kwa mti,
nikaliwashia jiko pamoja na magazeti.

Huu ni mwaka wa nne. Natumia msumeno wake;
mpini umeliwa mahali pa dole gumba lake,
langu linacheza humo.
Mti wa saba, safu ya chini,
nimekuta makovu ambayo mkono wangu wa hasira haukuyafikia,
duara zilizofumba midomo.
Hapa alikata. Hapa aliacha.
Na hapa, juu ya tawi moja nene,
meno ya msumeno yameuma kidogo tu,
mkwaruzo, kisha hakuna.

Nikasimama.
Kusema kweli lilistahili kwenda,
linaziba jua la mengine mawili.
Nikauzunguka mti mara ya pili.
Kosei alikuwa akiita, chai inapoa.
Nikauzunguka tena.