Jozi Tatu

Siku ya mwisho Ruwi niliamka kabla ya simu kulia,
kiyoyozi kikikohoa kama wodi namba mbili, Bulongwa.
Sanduku nililifunga tangu jana. Ndani joho la kwaya,
vitenge, tende za mama mkwe,
na vipeperushi mia tatu ambavyo havikutoka mkobani,
maana tuliambiwa siku ile ile tuliyotua:
ndani ya ua semeni mpaka koo likauke,
nje ya ua, salamu tu.

Basi siku kumi na mbili nimesalimia.
Nimemsalimia mfagia barabara, muuza kadi za simu,
mlinzi wa geti na mwenzake wa zamu ya usiku.
Kwetu Makete salamu ni kazi ya nusu saa,
sikuona hasara.

Ibada yetu ilipewa saa mbili hadi saa nne.
Nyuma ya ukuta Wahindi wa Kerala walikwisha kuanza yao,
ngoma ikaingia katikati ya sala,
Mchungaji Kyando akanyamaza
kama mtu aliyesimama kando ya barabara, lori lipite.
Kisha mimi nikatoa shukrani kwa niaba ya timu,
nikataja tarakimu.
Nyumbani watazitaka tarakimu.

Saa nne na dakika moja Wafilipino wako mlangoni
na magitaa yao, wanatabasamu kwa haraka.
Tukabeba Biblia zetu, tukatoka.

Hapo ndipo Tumsifu akaingia getini anakimbia,
baibui limemganda mgongoni,
mfuko wa nailoni kaukumbatia.
Ijumaa yake huja mara moja kwa mwezi,
na mwezi huu ilimjia saa nne,
baada ya pasi, baada ya watoto wa watu kula.

Nikamvuta kivulini, nyuma ya tangi la maji.
Nilikuwa tayari.
Nilikuwa na maneno ya mshahara uliocheleweshwa,
ya pasipoti iliyofungiwa kabatini, maneno ya usiku,
kurasa kumi na nne za daftari, mwandiko wa kusomeka.

Akauliza: “Dada, mtoto wa miaka saba
huvaa kiatu namba ngapi?”

Sikuwa na ukurasa huo.

Alimwacha Ombeni ana miaka mitatu,
unyayo wake unaenea kiganjani.
Sasa kwenye video mtoto hukimbia,
au bibi yake humpiga kuanzia kiunoni kwenda juu,
“na kuanzia kiunoni kwenda juu,” akasema, “namjua vizuri.”
Kwa hiyo kanunua jozi tatu:
ishirini na tisa, thelathini na moja, thelathini na tatu.
“Moja itamkaa. Moja ataikuta mbele.
Moja” (akaigeuza, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo)
“moja labda keshaipita.”

Uwanja wa ndege, mizani.
Kijana wa kaunta akainua vidole vitatu: kilo tatu zimezidi.
Nikapiga magoti, nikafungua sanduku mbele za watu.
Vipeperushi siwezi kuviacha hapa, tulishaonywa.
Tende za mama mkwe, huo ni ugomvi wa mwaka mzima.
Nikatoa joho, nikalivaa juu ya kitenge, juu ya sweta,
msalaba wa kifuani nikaukunjia ndani,
na mifukoni nikatia namba thelathini na moja,
kulia kwa kulia, kushoto kwa kushoto.
Mchungaji akanitazama.
Nikamwambia nasikia baridi.
Nje zilikuwa nyuzi arobaini na tatu.

Ndegeni taa zimepunguzwa.
Nimeingiza mkono ndani ya kiatu,
vidole vinatambaa hadi mwisho, kule kwenye giza la ncha
ambako kidole gumba kitafika, au hakitafika,
au kilifika mwaka jana kikaendelea.
Mchungaji anaandika ripoti.
Ameniuliza mara mbili idadi ya watu niliowafikia,
nami mkono ungali ndani ya kiatu.