Sufuria Yenye Nukta ya Buluu

Msimu wa korosho, ghala la Newala,
mizani ilikuwa inazimia kila siku ya tisa.
Si kuzima: kuzimia. Kioo kinawaka,
namba imeganda kwenye gunia la mtu wa juzi,
na karani Nalinga anaipiga kofi ubavuni
kama anayemwamsha mlinzi.
"Izime, iwashe," aliniambia. "Inapona."
Inapona, ndiyo. Kwa siku nane.

Nikakaa nyuma ya marundo, juu ya gunia tupu,
kompyuta mapajani, vumbi puani,
nikafungua kiini cha mfumo,
kule chini kusikofikiwa na mkono wa mtumiaji.
Programu ya juu ikifa, kiini huja na ufagio,
huokota ilichoazima, hufuta jina lake.
Kiini chenyewe kikisahau
hakina wa kukifagilia.
Kinachopotea humo kimepotea
mpaka umeme ukatike.
(Na umeme wetu nisiukufuru:
kukatika kwake kulituficha ugonjwa miaka miwili.)

Baiti mia na ishirini na nane.
Ungeidondosha njiani usingeinama.
Lakini mara kumi kwa sekunde, usiku na mchana,
mizani huazima nafasi, huuliza kitambuzi: kuna uzito?
na kitambuzi, waya wake umetafunwa na panya,
mara nyingine hakijibu.

Nikasoma mistari mara tatu. Njia ya heri ilikuwa safi:
azima, pima, andika, rudisha.
Aliyeiandika alikuwa na adabu.
Mara ya nne nikamfuata aliyekosa jibu:
azima,
uliza,
kimya,
ondoka.

Ondoka! Na sufuria ya watu?

Mama yangu, Somoe binti Lukanga wa Kitangari,
alikuwa na sufuria saba za shughuli,
kila moja na nukta ya buluu kitakoni,
rangi iliyobaki ulipopakwa mlango wa zahanati.
Na daftari: nani, lini, ngapi.
Unyago ukiisha zinarudi zenyewe,
zimesuguliwa kwa mchanga,
moja na wali wa shukrani ndani yake.
Ila mwaka ule, kwa Asumini, ngoma ilivunjika.
Mwali aliugua usiku wa kuamkia kutoka;
alfajiri palikuwa na kilio.
Nani akumbuke sufuria?
Nani mwenye uso wa kwenda kudai?
Mstari wa daftari ukabaki wazi.

Miaka ikapita. Mama akaenda kule kwa jambo jingine,
akaikuta nyuma ya mlango, kifudifudi,
inang'aa, imefunikwa khanga.
"Kila Ijumaa naibeba," Asumini alisema,
"nikifika kwenye tangi la maji narudi.
Ningeileta na neno gani?"

Hakuwa mwizi.
Njia ya kurudi ilikuwa haijaandikwa
kwa siku ya namna ile.

Basi nikaandika. Mstari mmoja, kabla ya ondoka:
hata usipojibiwa, rudisha.
Nikapata moto, nikazipekua njia nyingine zote za msiba,
pale waya unapokufa, pale nafasi inapokataliwa nusu ya safari,
nikakuta tatu zaidi, kimya kama ile ya kwanza.
Kila kilichoazimwa mwisho kitangulie kurudi,
jinsi sufuria zinavyoshushwa kichwani.
Kisha nikaipa kila baiti nukta yake ya buluu
ili niione ikipotea.

Siku ya tisa sikulala.
Siku ya kumi, saa tatu asubuhi,
gunia la Fatu Chimbunga likapandishwa.
Nalinga alikuwa ameshainua kiganja.
Namba ikatikisika, ikatulia:
themanini na moja, nukta nne.
Akaushusha mkono taratibu,
akajikuna shingo,
akaita, "Mwingine."