Tisini na Ushei

Mundhir, sogeza hiyo karaki mbali na kibodi, nitazame.
Tangu asubuhi unabahatisha:
nyuzi tatu, tendua; tatu na nusu, tendua;
chumba cha kusalia kinayumba kwenye kioo
kama meza yenye mguu mfupi.
Wenye kituo cha mafuta cha Barka wanataka mchoro kabla ya adhuhuri
na Bwana Kuriakose keshapita mara mbili akikohoa.

Huhitaji kuijua namba.
Chagua chumba chote, kuta, mlango, mihrabu.
Bonyeza kona hii. Ndiyo kitovu, haisogei.
Sasa iambie mashine: rejea.
Gusa kona, gusa mwisho wa ukuta,
hivi ndivyo ulivyokaa.
Gusa mstari mwekundu wa mpima ardhi,
hivi ndivyo utakavyokaa.
Basi. Hesabu iachie yenyewe.

Na misala ya zulia usiinakili mmoja mmoja
kama mtu anayepandikiza vitunguu.
Chora mmoja. Nakili, miwili.
Shika yote miwili, nakili, minne.
Minne izae minane, minane kumi na sita;
mara ya tano umeshatoboa ukuta,
futa iliyozidi.

Hilo la kitovu sikulisoma chuoni.
Bibi yangu Zuwena alishuka Maskati mwaka sabini na tatu
na sanduku la bati na neno kibla.
Kwao Mtambwe kibla ni kaskazini, hakuna mjadala:
upepo wa kibla, mlango wa kibla,
mikarafuu ya upande wa kibla iliyoleta kesi na shemeji yake.
Neno moja lilibeba Makka na dira.
Siku ya kwanza, chumba cha kupanga Wadi Kabir,
akatandika msala kama alivyozoea,
akaielekea Matrah, na nyuma ya Matrah bahari.
Jirani wa Kibaluchi akaingia na sahani ya halwa,
akasimama mlangoni mpaka bibi akatoa salamu,
kisha, kwa kuwa hawakuwa na lugha moja,
akamshika mabega
akamgeuza kushoto.

Tisini na tatu na ushei.
Nimeipima juzi usiku, ofisini, peke yangu,
mstari mmoja kutoka Mtambwe, mmoja kutoka hapa.
Visigino havikubanduka, alisimulia mwenyewe,
kiwiliwili tu ndicho kilichozunguka.
Tangu siku hiyo aliswali kimagharibi
akasema kikaskazini.
"Fungeni dirisha la kibla, vumbi!"
na sisi wajukuu tukikimbilia dirisha silo,
vumbi likimwagika kwenye wali.

Haya, kuna herufi moja sijakuonyesha.
Ukiibonyeza kabla ya rejea
umbo linageuka, na la mwanzo linabaki palepale,
yote mawili yameshikana kwenye kona moja.
Wengi hawaijui. Wanageuza,
halafu wanakaa saa nzima kuchora upya
kile walichokuwa nacho.

Lakini leo usiiguse.
Barka wamelipia chumba kimoja.
Hifadhi, tuma.
Na karaki yako imefanya utando.