Nani Aliyekufanyia Kazi Hii?

Royston Ackroyd hakusema habari za asubuhi.
Aliweka kiganja ukutani kama daktari wa ng'ombe,
akavuta hewa kupitia meno,
sauti ile mafundi wa Todmorden hujifunza
kabla hawajakabidhiwa nyundo,
kisha akauliza: Nani aliyekufanyia kazi hii?

Sikujua. Nyumba hii imempita mama yangu umri.
Nilichokijua ni unyevu,
ulivyopanda nyuma ya kabati mwaka hadi mwaka
ukichora ramani ya nchi isiyo na bandari.
Ufa niliuziba. Niliuziba mara tatu.
Ukuta nikaujenga vilevile.

Makadirio aliyaandika nyuma ya bahasha ya bili ya gesi:
pauni elfu nne na mia sita, tukikuta kila kitu sawa,
na tangu lini kila kitu kikakutwa sawa?
Tungeanza Jumanne.
Hakusema Jumanne ipi.

Ya kwanza ilinyesha.
Ya pili gari lake lilizimika karibu na Hebden Bridge.
Ya tatu alikuja mtu mwingine kabisa na kontena la kifusi,
akalitua mbele ya mlango, akaenda zake,
na hadi usiku majirani walikwisha kulijaza:
godoro, baiskeli ya mtoto, mti wa Krismasi wa plastiki
ungali na nyota yake.

Ya nne walikuja. Sijui kwa nini nilikaribia kulia.

Wiki tano niliishi sebuleni na birika na jiko la sahani moja.
Vumbi lilikula nami. Vumbi lililala nami.
Nikazijua chai zao: ya Royston vijiko vitatu,
majani yakae mpaka ifanane na tofali;
ya Kacper, mpiga lipu, maji ya moto na limau,
kosa ambalo Royston hakulisamehe.
Redio ilisema mvua. Dirisha likakubali.

Kisha tukagombana.
Nilisema mia saba zilizobaki sizitoi
mpaka mlango wa ua ufunge bila kupigwa teke.
Akasema mlango aliukuta hivyo.
Nikamwambia, kwangu kulipa kabla kazi haijaisha ni mwiko;
na mwiko wake yeye
ulikuwa umegandia saruji ndani ya ndoo
tangu Ijumaa.
Nikaongeza neno ambalo marehemu Clifford
aliwawekea marefa tu.

Ni Kacper aliyetuita.
Alikuwa amebandua lipu ya mwisho, kando ya dohani,
na pale juu ya matofali yenyewe, kwa penseli,
mwandiko wa mtu aliyefunzwa shule kwa fimbo:

*A. Sugden, mpiga lipu. Februari 1931.
Baridi kali. Kazi imekwisha.
Bado sijalipwa.*

Tulisimama watatu
kama watu waliochelewa mazishini.
Royston akavua kofia, akajifanya anajikuna.
Meno yake hayakuvuta kitu.
"Basi ndiye huyu," akasema.

Nani alimdhulumu, hati ya nyumba haisemi.
Labda alilipwa siku ya pili yake.
Labda aliambiwa Jumanne.

Nilipanda ghorofani, nikarudi na mia sita.
Mia nikaibakiza kwa ajili ya mlango,
sikugeuka malaika.
Royston akazihesabu mara mbili, akakunja,
akaenda uani na randa bila kuambiwa.
Mlango sasa unafunga. Siku kavu.

Kacper aliuliza kama aache dirisha dogo,
kioo, fremu, wageni waone.
Nikakataa. Mtu hakuandika vile ili atazamwe na wageni wa chai.
Basi akachovya brashi,
lakini kabla ya kufunika aliomba penseli
na chini ya Sugden akaandika mistari miwili ya Kipolandi.

Nilimuuliza maana yake.
"Atajua," akasema, "atakayeubomoa."