Kiwanja Namba Kumi na Saba

Saa tatu asubuhi, Novemba. Jua limepanda
lakini mvua ya usiku bado inadondoka kwenye matete.
Mimi nabeba vigingi, Mwewa anabeba karatasi.
Hiyo ndiyo tofauti ya mishahara yetu.

Tumeshuka bonde la Kafubu kugawa kinamasi,
viwanja ishirini na vinne, mita kumi na tano kwa ishirini,
ardhi ambayo ukiikanyaga inakunywa kiatu
na kukirudisha kwa kinyongo.
Nyuma yetu, mbali, mlima mweusi wa masalio ya shaba
na bomba la kiwanda limesimama kama kidole
cha mtu aliyesahau alichotaka kuonyesha.

Kumi na nne. Kumi na tano. Nyundo yalia, matope yameza.
Kumi na sita.
Na pale penye kumi na saba
kuna bwana amesimama majini.

Naapa nilidhani ni mtu.
Shati jeupe, koti jeusi begani,
amenyamaza vile wanavyonyamaza wenye hati.
Nikasema moyoni: huyu ni wa mahakamani,
ametutangulia.

Kisha akageuza kichwa.
Mama yangu!
Mdomo mrefu kama mkono wangu hadi kiwiko,
mwekundu, halafu mweusi, halafu mwekundu tena,
na juu yake, pale unapoanzia, kitandiko cha manjano,
kitandiko kabisa, kana kwamba kuna kitu kidogo
humpanda usiku na kumwendesha.
Miguu ya kijivu, magoti mekundu
kama ya mtoto aliyeanguka kwenye kokoto.

"Mtupie jiwe," akasema Mwewa, bila kuinua macho.
Ndugu yangu Mwewa, herufi moja tu umekosa uwe mwewe,
na macho ya mwewe hukupewa.

Nikaokota bonge la udongo.
Korongo akainua mguu,
akauacha hewani, maji yakichuruzika vidoleni,
akaushusha mahali papya pasipotikisika hata jani.
Hatua. Akangoja.
Hatua.
Miaka tisa nimeshika utepe wa kupimia
na sijawahi kupima hivyo,
kwa kuuliza kwanza.

Mara, chubwi! Kichwa chini, na kambale
akapinda kama mshipi kwenye mwanga,
akasuuzwa mara mbili, akamezwa kichwa mbele.
Udongo ukanilainikia kiganjani.

Mama Ngosa alikuwa akichuma lengalenga kwenye tuta lake
(tuta lake ni namba ishirini, bado hajaambiwa).
"Huyo?" akasema. "Huja peke yake.
Mwaka juzi walikuwa wawili."
Akainama tena.
Sikuuliza habari za wa pili.

Alipoondoka hakukurupuka.
Alifungua mabawa, meupe, yenye ukanda mweusi katikati,
akasukuma hewa mara tatu, nne,
akapita juu ya kichwa cha Mwewa,
na kivuli chake kikavuka karatasi,
viwanja vyote ishirini na vinne,
bila kulipa.

Kigingi sikukipiga. Kwenye daftari niliandika:
17, ina mwenyewe.

Jioni ofisini wakaniuliza: nani? Ana hati?
Nikasema jina sikulipata.
Mrefu. Koti jeusi. Hakuongea.
Wakaweka alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu.
Wiki ijayo watatuma mwingine, najua,
na huyo mwingine atakuwa na nyundo na njaa kama mimi.

Nyumbani nilimwonyesha Mwadi kwa mwiko wa bukari:
mdomo, hivi, na kitandiko, hapa.
Akacheka hadi akapaliwa.
Halafu akanyamaza, akasimama katikati ya chumba,
akainua mguu mmoja,
akauacha hewani.

Mama yake akashusha sufuria polepole.
Hakuna aliyesogea.